Ni gono, ni kaswende ama ni jasho tu? Venye mwanaume anaweza kujiangalia

Nimesimama nyuma ya kaunta ya kemisti miaka tisa, sita Kondele kule Kisumu na tatu za mwisho huku Nakuru karibu na steji, na naweza kukuambia mwanaume mwenye anasumbuliwa na kitu hapo chini hakuji saa za watu. Anakuja saa tatu usiku tukitaka kuvuta geti, anasimama pale kwa dawa za meno akijifanya anasoma bei, anangoja mama wa Panadol atoke, halafu anasogea anakuambia kwa sauti ya chini, "Omera, nipatie ile ya... si unajua." Ukimuuliza ya nini anasema ametumwa na beshte yake. Kila mtu ako na beshte mgonjwa hii Kenya.

Basi hii nimeandikia huyo beshte. Sio ndio ajitibu, ni ndio ajue anaangalia nini, ajue kuhesabu siku, na ajue ni gani ya kukimbia hosi usiku na ni gani ya kungoja Jumatatu. Na kitu ya kwanza nataka ashike ni kwamba dalili ikipotea haimaanishi ugonjwa umeenda. Wale niliona wameharibika vibaya hawakuharibiwa na maumivu, juu maumivu hukupeleka hospitali hata kama hutaki. Waliharibiwa na ile siku maumivu iliisha yenyewe wakashukuru Mungu.

Kujiangalia kwenyewe. Chagua asubuhi ukiamka, kabla ya kukojoa, juu usiku mzima hakuna mkojo umepita kuosha ule mfereji na kama kuna usaha utaupata umejikusanya pale mdomoni. Angalia pia boksa ya jana kwa mwangaza mzuri, doa la njano ama la kijani ambalo limekauka likawa gumu ni habari. Washa tochi ya simu. Kama hujatahiriwa vuta govi nyuma pole pole uangalie kichwa chote na ile mikunjo ya chini, ukimaliza urudishe mbele, usiiache nyuma maana inaweza kufura ikwame na hiyo ni shida ingine tofauti kabisa. Inua uume uangalie upande wa chini mpaka kwa shina, huko ndio watu husahau. Kisha korodani, moja moja, zibingirishe katikati ya vidole baada ya kuoga maji moto, unatafuta uvimbe, joto ama mahali panauma. Kisha pitisha vidole kwa kinena, ile mstari paja linakutana na tumbo, usikie kama kuna mtoki. Mwisho, na hapa watu hucheka nikiwaambia, angalia viganja vya mikono, nyayo za miguu na ndani ya mdomo. Nitakuambia ni kwa nini.

Ukimaliza, acha. Kuna mmoja alikuwa anajikamua kila akienda choo, mara kumi kwa siku, mpaka mfereji ukachubuka ukaanza kutoa majimaji yenyewe, na sasa akawa na dalili kweli yenye amejitengenezea. Mara moja asubuhi inatosha.

Sasa kalenda. Kabla hujaniambia unaskia nini, hesabu umelala na nani siku gani, juu hizi magonjwa ziko na ratiba zao. Gono ina haraka, mara nyingi siku mbili mpaka saba. Malengelenge ya herpesi siku mbili mpaka kumi na mbili. Klamidia hukawia, wiki moja mpaka tatu. Kaswende inaweza kutokea siku ya 10 na inaweza kungoja mpaka siku ya 90, wengi huiona karibu wiki ya tatu. Sunzua, vile vinyama vya huko chini, zenyewe huchukua wiki, miezi, wakati mwingine hata zaidi ya mwaka. Ndio maana ile kesi ya "ni yule wa juzi" huwa imeshikilia mtu si yeye. Jamaa analala na mtu Jumamosi, Jumapili asubuhi anaona kidonda anaanza kumtukana huyo dada kwa simu, na kidonda chenyewe kilipandwa mwezi uliopita na mwingine kabisa. Pia wewe unaweza kuwa nayo miezi mingi bila kujua, kwa hivyo kabla ya kuuliza nani amekuletea, jiulize umepelekea nani.

Tuanze na kutoa usaha maana hiyo ndio hupeleka wengi kwa kemisti. Gono, kwa Kiswahili cha kitabu kisonono, kawaida haijifichi kwa mwanaume. Unakojoa unaskia kama unakojoa pilipili, na kuna usaha mzito, mweupe, wa njano ama unaelekea kijani, unatoka bila kualikwa. Klamidia ni mpole zaidi, inatoa kitu chepesi kama maji ama maziwa yaliyochanganywa na maji, mara nyingine ni asubuhi tu, na kuungua kwenyewe ni kidogo mpaka unajiambia ni juu hukunywa maji jana. Halafu kuna triko, kadudu kengine kanaitwa trikomonasi, kwa wanaume wengi hakaonyeshi kitu kabisa, labda kuwashwa kidogo ndani ya mfereji baada ya kukojoa ama baada ya kumaliza tendo. Lakini usijaribu kuzitofautisha kwa macho ukafikiri wewe ni maabara. Zinaingiliana, na mtu mmoja anaweza kubeba gono na klamidia pamoja kama abiria wawili kwa boda moja. Ndio sababu ukienda kliniki na usaha wanakupatia dawa za zote mbili, kawaida sindano pamoja na vidonge, na wewe unarudi ukilalamika kwamba wamekurundikia madawa.

Kuna neno moja wanaume wamelipenda sana, UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo. "Niko na UTI kidogo daktari." Sikiza, mwanamke hupata UTI ya kawaida kirahisi juu mfereji wake ni mfupi. Mwanaume wa miaka ishirini na kitu mwenye anaungua akikojoa, mara nyingi hiyo UTI yake ina jina la msichana. Inaweza kuwa UTI ya kweli, ndio, hasa kwa wazee wenye tezi dume imefura ikawazuia mkojo, lakini wewe kijana wa boda usijifichie huko. Na ukiona damu kwa mkojo, si mkojo mwekundu wa bitiruti, damu, enda upimwe, inaweza kuwa mawe, inaweza kuwa kichocho kama umezoea kuoga na kufua kwa maji yaliyotulia, na kwa mtu mzima wa umri ni jambo la kuchunguzwa hata kama haiumi.

Sasa nikubali kosa langu. Miaka ya kwanza Kondele tulikuwa tunauza sipro, ile antibiotiki, kwa gono kama peremende. Kijana wa boda alikuja siku tatu baada ya disco matanga huko Seme, usaha wa kijani, nikamfungia sipro tembe sita kwa karatasi, akalipa, akaenda. Usaha ulipungua akaendelea na maisha. Wiki mbili baadaye alirudi akitembea miguu imetanuka, korodani moja imekuwa kama embe. Gono ya siku hizi imeizoea sipro, ilishaizoea penisilini na tetrasaiklini kabla ya hapo, ndio sababu sasa hospitali wanatumia sindano ya seftriaksoni. Kwa hivyo ukienda kwa kemisti ukauziwa sipro, ama Amoxil nne na Septrin mbili za kuchanganya, hujatibiwa, umefundisha mdudu. Na zile dozi za nusu, ati nipatie za mia, ndio mbaya zaidi. Kuhusu mizizi ya kuchemsha yenye huuzwa na mtu wa spika pale sokoni, sitasema mengi, nyingi zinakufanya ukojoe sana, ukikojoa sana kuungua kunapungua, unasema imeshika.

Hiyo ya korodani nikae hapo kidogo. Gono na klamidia zikiachwa hupanda kwa ile mirija ya nyuma ya korodani, unaanza kuskia uzito upande mmoja, kisha inafura pole pole kwa siku kadhaa, inakuwa moto, pengine na homa. Hiyo inataka daktari siku hiyo hiyo ama kesho yake asubuhi. Lakini kama maumivu yamekuja ghafla kama umepigwa teke, haswa kama wewe ni kijana, unaskia kutapika na korodani imepanda juu kuliko mwenzake, usiseme ni gono na usinywe dawa yoyote ya kutuliza ungoje asubuhi. Hiyo inaweza kuwa korodani imejipinda kwa kamba yake, damu haifiki, na una kama masaa sita tu ya kuiokoa. Amsha jirani mwenye gari. Hii si ya aibu, hata mtoto wa shule mwenye hajawahi kumguza mtu huipata.

Na gono ya zamani yenye haikutibiwa vizuri hufanya mfereji kushona kovu ndani, unaskia mzee anakojoa kwa kukatika katika, anasimama choo dakika tano. Wengine huishia kuvaa mpira wa mkojo miaka thelathini baada ya ile raha.

Haya, vidonda. Hapa swali ni moja la kuanzia, kinauma ama hakiumi?

Kikiwa hakiumi, ogopa zaidi. Najua ni kinyume na venye akili inafanya kazi. Kaswende, wazee wa Kisumu utawasikia wakiita nyach, huanza na kidonda kimoja, wakati mwingine zaidi, kigumu pembeni kama kifungo cha shati, kisafi, hakina usaha, ukikiguza huskii kitu. Mitoki inaweza kuwa imefura lakini haiumi. Kinakaa wiki tatu mpaka sita halafu kinapona chenyewe, unywe dawa usinywe. Fikiria sasa mtu mwenye alikuwa anapaka mafuta fulani ama anakunywa mwarobaini, kidonda kikipona ataapa mbele ya kanisa nzima kwamba mwarobaini unaponya kaswende. Mdudu hajaenda mahali, ameingia kwa damu. Wiki ama miezi kadhaa baadaye unaona madoa kwa mwili yenye hayawashi, na haswa yakitokea kwa viganja na nyayo, ndio sababu nilikuambia uangalie huko. Upele wa joto hauendi kwa nyayo. Pengine nywele zinatoka kwa mapande mapande kama zimekulwa na panya, mdomoni kuna mabaka meupe, mtu anaskia homa ya chini chini. Hiyo pia inapotea yenyewe. Kisha kimya, na kimya hicho kinaweza kuwa miaka kumi, ishirini, ndani yake kaswende inaendelea na moyo, ubongo, macho. Kuna wale hawaendi mpaka huko, lakini wewe hujui utakuwa upande gani.

Nakumbuka dereva wa lori, mtu wa kubeba mizigo Malaba kuja huku, mpole sana, mwenye kuniita "daktari wangu" hata nikimwambia mimi si daktari. Alikuwa ameniambia kitambo kuhusu kidonda kidogo na nikamwambia aende akapimwe, akasema kimeshapona, akanionyesha kidole gumba. Mwaka uliofuata mkewe alienda kliniki ya wajawazito, huko damu hupimwa kaswende, ikapatikana. Alikuja kwangu siku hiyo akakaa kwa ile stuli ya wateja nusu saa bila kuongea. Mtoto alizaliwa salama kwa sababu mama alipata sindano mapema, lakini wengine huzaliwa wakiwa wamekufa, na hiyo si kitu unaweza kuongelea na mtu kwa kaunta.

Dawa ya kaswende ni ya zamani na bado inafanya kazi, penisilini ya benzathini, sindano ya yuniti milioni 2.4, kwa matako. Inauma, sitakudanganya. Kama ni ya mapema ni mara moja, kama imekaa ni mara tatu wiki baada ya wiki. Na masaa machache baada ya ile ya kwanza unaweza kupata homa, kutetemeka, kichwa kuuma, watu hufikiri wamedhurika na dawa wanakataa kurudi. Kawaida hiyo ni wadudu wanakufa kwa wingi, inaisha ndani ya siku moja. Lakini ukiona unafura uso ama pumzi inakataa, hiyo ni ingine, rudi mbio.

Kikiwa kinauma, mara nyingi ni herpesi. Hii inajitangaza, kabla hujaona kitu unaskia mahali panawasha washa ama panachoma kama siafu, halafu vinatokea vilengelenge vidogo vya maji vimekaa pamoja kama familia, vinapasuka, vinakuwa vidonda vya juu juu vyenye vikiguzwa na mkojo utaruka. Mara ya kwanza inaweza kuja na homa na mitoki inauma. Inapona wiki mbili mpaka tatu, kisha miezi baadaye inarudi pale pale, mara nyingi ukiwa umechoka ama unaumwa na kitu ingine, na kila ikirudi huwa nyepesi zaidi. Haina dawa ya kuimaliza, iko asiklovia ya kuifupisha, na ukianza mapema ndio inasaidia. Kitu watu hawajui ni kwamba inaweza kupitishwa hata wakati hakuna kidonda. Na zile vilengelenge za mdomo watu huita za malaria zinaweza kushuka huko chini kupitia mdomo, unaelewa.

Pangusa ni kidonda cha maumivu pia, lakini kichafu, kina usaha na pembe zimeraruka, na mtoki wake hufura upande mmoja mpaka unaweza kupasuka. Wazee wanaikumbuka, miaka ya 80 ilikuwa shida kubwa Nairobi, siku hizi imekuwa nadra. Na sasa kuna mpox, ule ugonjwa wa vipele wenye zamani uliitwa monkeypox. Ya kwanza hapa Kenya ilitangazwa Julai 2024, mtu aliyepatikana mpaka wa Taita Taveta, na hizi barabara zetu za malori, Malaba, Busia, Salgaa mpaka Nakuru, hubeba kila kitu. Inaweza kuanzia hapo chini, vipele vigumu vyenye kishimo katikati, vinauma, pamoja na homa na tezi zimefura. Ukiona hivyo, funika, usishikane na watu, na ukifika hospitali uwaambie mlangoni usikae kwa benchi na akina mama na watoto.

Vinyama vidogo. Sunzua, wengine husema masundosundo, huota kama kauliflawa ndogo, laini, haziumi, moja halafu zinakuwa ukoo. Zinatoka kwa kirusi cha HPV. Usikate na wembe na usifunge na uzi wa nywele, zinachomwa ama zinapakwa dawa kliniki na zinaweza kurudi kabla ziishe kabisa. Hicho kirusi kina aina nyingi na zile mbaya ndio huleta kansa ya mlango wa kizazi kwa wanawake, ndio maana tangu Oktoba 2019 wasichana wa miaka kumi wanadungwa chanjo yake hapa Kenya. Kama una binti wa umri huo sasa unajua ni ya nini.

Lakini sio kila kinyama ni ugonjwa! Kijana wa chuo alinijia akiwa amesugua kichwa cha uume na spiriti kwa wiki nzima mpaka ngozi ikatoka, anaungua, analia karibu. Shida yake ya mwanzo ilikuwa ni nini? Vitu vidogo vyeupe, vya saizi moja, vimejipanga kwa mstari nadhifu kuzunguka ukingo wa kichwa. Hizo ni za kuzaliwa, wanaume wengi wanazo, haziambukizi, hazitibiwi. Vile vile vidoadoa vya njano-njano chini ya ngozi ya shina, ni mafuta tu. Uwekundu na kuwashwa chini ya govi pamoja na uchafu mweupe kama mtindi mara nyingi ni fangasi, na kama inarudi rudi pima sukari, kisukari hujitangaza hivyo. Na kama inawasha sana usiku, vipele viko kwa korodani na pia katikati ya vidole vya mikono na kiunoni, hiyo ni upele wa kawaida wenye unaambukizana kwa kulala pamoja, hata matandiko yafuliwe. Chawa wa huko utawaona wenyewe ukiwa na subira, ama mayai yao kwa nywele.

Kwa wale wanafanya kwa njia ya nyuma, na wako, hata tukijifanya, maumivu ukienda haja kubwa, ute ama damu ama kidonda hapo ni dalili zile zile, mwambie daktari ukweli ndio aangalie mahali sahihi. Kwa koo gono huwa kimya, labda koo kavu kidogo.

HIV nimeiweka peke yake kwa sababu haina dalili ya huko chini. Wiki mbili mpaka nne baada ya kuambukizwa, wengi hupata homa, koo kuuma, tezi, uchovu, pengine madoa ya mwili. Sasa wewe uko Kisumu, unaskia homa na viungo vinauma, utafikiria nini? Malaria bila shaka. Unanunua dawa ya malaria, baada ya wiki homa inaisha, na hapo tena unashukuru dawa yenye haikufanya kitu. Kama umepimwa malaria ikakosa na ulilala na mtu bila kondomu mwezi huo, omba kipimo cha HIV, na kikikosa rudia baada ya miezi mitatu juu mapema sana inaweza kutoonekana. Kipimo cha kujipima nyumbani kiko kwa kemisti tangu 2017. Na kama ni jana kondomu ilipasuka, usisome hii tena, enda hospitali uombe PEP, ile dawa ya kuzuia HIV isishike, inafanya kazi ikianzwa ndani ya masaa 72, mapema zaidi ni bora zaidi, unameza siku 28. Ukikonda kitandani watu wa nyumbani wakaanza kusema ni chira, ati kuna mwiko umevunja, waheshimu wazee, itikia, halafu uende ukapimwe.

Kuhusu tohara. Wengi wetu wa Nyanza tulienda kwa ile kampeni ya kuanzia 2008 na tukarudi tukitembea kama majemadari. Ule utafiti wenyewe ulifanyiwa kule Kisumu, vijana 2,784 wa miaka 18 mpaka 24, na mwisho wa 2006 ukasimamishwa mapema kwa sababu ilionekana wazi tohara inapunguza HIV kwa zaidi ya nusu. Sawa. Lakini walipoangalia gono, klamidia na triko kwa vijana hao hao, hakukuwa na tofauti. Kukatwa si koti la mvua.

Na sasa ile mbaya kabisa, kutokuwa na dalili. Mimi mwenye naandika haya yote niliwahi kupigiwa simu saa saba mchana na dada tuliyekuwa pamoja, akaniuliza, "Umenipea nini?" Nikamwambia mimi sina kitu, niko sawa, najiangalia kila asubuhi. Nikaenda kupimwa kwa hasira ndio nimwonyeshe karatasi. Karatasi ilisema klamidia. Sikuwa nimeskia hata kidogo. Karibu nusu ya wanaume wenye klamidia, labda zaidi, hawaskii kitu, na yeye tayari alikuwa anaumwa na tumbo la chini. Kwa hivyo kujiangalia kunakuambia uko na shida, hakukuambii hauna. Kama umebadilisha mtu, pima, hata kama boksa ni safi.

Siku ya kwenda. Usikojoe kama saa moja ama mbili kabla ufike, juu wakitaka mkojo wanataka ule wa mwanzo wenye umeosha mfereji. Usipake kitu. Kama kidonda kinapona haraka, piga picha na simu, uifiche vizuri mbali na picha za familia. Andika dawa umekunywa, hata za mia. Ukiwa Kisumu unaweza kwenda Lumumba ama Russia, yaani ile ya rufaa ya Jaramogi, huku Nakuru iko Level 5, lakini hata dispensari ya mtaa inaweza kukutibu usaha na vidonda. Kama hutaki kusema shida yako kwa laini mbele ya shemeji, sema tu "nataka kuongea na daktari faragha", wanaelewa. Mle ndani usiseme UTI. Sema siku, sema kinachotoka, sema umelala na wangapi miezi mitatu iliyopita. Omba wakupime kaswende na HIV hata kama ulikuja na usaha tu, hizi hutembea pamoja. Kama amekutibu bila kukupima maabara usikasirike, ndio utaratibu, lakini usaha ukiwa bado unatoka baada ya siku saba, rudi pale pale, usikuje kwangu.

Siku saba hizo usilale na mtu hata kama unaskia umepona siku ya pili, na pia mwenzako awe ametibiwa, la sivyo mtarushiana kama mpira wa meza. Hapa ndio wanaume hukwama kabisa, kumwambia. Yule kijana wa boda wa embe, mara ya pili alienda hospitali akapata sindano na vidonge, akapona, halafu akakuja kwa kaunta nimsaidie kuandika meseji maana alikuwa na watu watatu wa kuambia. Tuliandika hivi: "Sasa. Nilipimwa nikapatikana na infekshoni, nimetibiwa. Daktari amesema na wewe uende upimwe hata kama huskii kitu. Sikulaumu, na pole." Alituma zote tatu tukiwa hapo. Mmoja alijibu asante kwa kuniambia, naenda kesho. Wa pili akamtusi kwa Kijaluo, matusi marefu yenye alinisomea yote, halafu baada ya saa moja akauliza ni hospitali gani. Wa tatu alim-blok, lakini boda za mtaa ni hizo hizo, wiki iliyofuata alimbeba mpaka Lumumba na hakuna aliyeongea njia yote.